Mtoto wa Mpishi na Somo la Uainishaji

Mama aliniambia asubuhi niliyokuwa naondoka kwenda Fomu Moja, tukiwa tumesimama stejini Bungoma na sanduku langu la bati katikati yetu. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayekumbusha mwenzake asisahau sabuni.

"Mwalimu wa bayolojia wa huko shule ndiye baba yako," alisema. "Alikuwa anafundisha hapa Bungoma wakati mimi nilikuwa mpishi wa shule yao. Yeye ndiye amekutafutia nafasi. Sasa sikia vizuri. Usimwite baba. Siku utamwita baba, utarudi hapa tuuze samaki na mimi."

Akanifunga kifungo cha juu cha shati, akasema samaki wake wataoza akichelewa, akaenda zake kabla gari halijajaa. Nilikaa dirishani nikiwa na baba kwa mara ya kwanza maishani, na tayari nimekatazwa kumtumia.

Shule yenyewe ilikuwa nje ya Kitale, kwenye barabara inayoelekea upande wa Kachibora, imezungukwa na mahindi pande zote. Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya wanafunzi wanyamaze ili wamsikie. Hakuwahi kumpiga mtu. Walimu wengine walikuwa na viboko ijapokuwa vilipigwa marufuku. Yeye alikuwa na ulimi, na wanafunzi wengi wangechagua kiboko. Aliweza kumwambia mtu, mbele ya darasa zima, kwamba wazazi wake wangepata faida kubwa kama wangemfuga nguruwe mahali pake. Kisha angeendelea na somo, na sisi tungeendelea kuandika.

Mimi aliniita "wewe wa Bungoma." Kwa miaka miwili hakuniita kitu kingine, wala hakuzungumza nami nje ya darasa. Nilimchunguza mimi. Nilijua koti lake la maabara lilikosa kifungo cha tatu. Nilijua alikunywa chai bila sukari. Na nilijua, tangu wiki ya kwanza, kwamba kidole chake cha mwisho, mkono wa kulia na wa kushoto, kilipinda kwa ndani kwenye kiungo cha juu, kana kwamba kinaegemea kidole jirani. Vyangu vimepinda vivyo hivyo. Vya mama vimenyooka kama mishumaa.

Basi nilisoma bayolojia kama mtu anayechimba kisima. Nilitaka aniangalie. Kila mtihani nilikuwa wa kwanza, na kila mara alirudisha karatasi yangu ya mwisho, akiiacha mezani bila neno.

Somo ninalotaka kulisimulia lilikuwa la Fomu Tatu, tulipofika kwenye uainishaji wa viumbe. Tuliingia maabara tukakuta ameshapanga meza ndefu: popo mkavu amebanwa kwenye ubao, mbayuwayu aliyejazwa pamba, jongoo na tandu kwenye chupa za dawa, uyoga wa asubuhi ile bado una udongo, mende, sisimizi, kumbikumbi ndani ya bakuli, ngozi ya pimbi pamoja na fuvu lake, na fuvu la panya kando yake.

"Pangeni," alisema. "Vitu vinavyokwenda pamoja viwekeni pamoja. Kisha mniambie kwa nini."

Tulifanya kazi kwa makundi. Wa kwanza walitenganisha vinavyoruka na visivyoruka, kwa hiyo popo, mbayuwayu na kumbikumbi wakawa ndugu. Wengine walipanga kwa ukubwa. Kundi letu, na wazo lilikuwa langu, lilitenga vinavyoliwa na visivyoliwa: uyoga, kumbikumbi na pimbi upande mmoja, waliobaki upande wa pili.

Mwalimu alizunguka meza polepole. Alifika kwetu akasimama.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wewe wa Bungoma umepanga dunia kwa tumbo lako," alisema. "Mtoto wa mpishi hawezi kuona kiumbe bila kuona sufuria."

Darasa lilicheka. Hakuna aliyejua kwamba mama yangu aliwahi kuwa mpishi. Yeye tu ndiye aliyejua, na aliitoa siri hiyo mbele ya watu kwa wepesi wa mtu anayepenga kamasi.

Lakini lazima niseme ukweli: alifundisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Alichukua kumbikumbi mmoja kwa koleo ndogo akamweka karibu na mende. "Watu wanasema mchwa ni aina ya siafu, kwa sababu wote wanaishi kwa makundi, wana malkia, wana askari. Waongo. Mchwa ni jamaa ya mende. Ni mende waliojifunza kuishi kwa jumuiya. Kwa hiyo nyinyi watu wa huko magharibi, mkikaanga kumbikumbi mkajilamba vidole, mjue mnakula mende wenye mabawa." Wanafunzi wa Bungoma tulichekwa tena. Kisha akashika uyoga. Huu, alisema, si mmea. Hauna rangi ya kijani, haujitengenezei chakula, na ukiitafuta nasaba yake utakuta uko karibu na wewe unayeucheka kuliko ulivyo karibu na sukumawiki.

Akamchukua jongoo na tandu. Alituambia tuhesabu miguu katika pingili moja tu, tusihangaike na mwili mzima. Jongoo ana jozi mbili kila pingili; tandu ana jozi moja. Huyu anakula majani yaliyooza, huyu anauma na ana sumu. Mtoto asiyejua kutofautisha atamkimbia asiyedhuru na kumshika anayedhuru.

Mwishowe akainua fuvu la pimbi. "Jamaa yake ni nani?"

"Panya!" darasa lilijibu. Mmoja akasema sungura.

"Tembo," alisema.

Tulipiga kelele. Alingoja mpaka tukamaliza, kisha akatuonyesha meno mawili ya mbele, yanayokua bila kukoma kama pembe ndogo za ndovu, na kucha butu zilizofanana na kwato. Sauti yake ikazidi kushuka.

"Sura ni nguo," alisema. "Ukivaa koti la jirani hugeuki mtoto wa jirani. Mtu wa sayansi haulizi kitu kinafanana na nani. Anauliza kimezaliwa na nani. Na kwa nini ajisumbue? Kwa sababu ukijua jamaa ya kitu, unajua yaliyo ndani yake kabla hujakipasua. Ukigundua dawa katika mti mmoja, unaenda kuitafuta kwa ndugu za ule mti, huendi kuitafuta kwa kila jani linalofanana nao. Nyoka akikuuma, daktari hataki kujua kama alikuwa mrembo. Anataka ukoo wake. Na jina tunaloandika kwa Kilatini ni moja hapa Kitale na kule ng'ambo, ili mkulima wa hapa na daktari wa kule wasizungumzie vitu viwili wakidhani ni kimoja."

Niliandika yote. Alipotamka maneno "kimezaliwa na nani" alinitazama, au mimi nilidhani alinitazama.

Kulikuwa na mvulana mmoja mchekeshaji, mtoto wa mwenye duka la mbegu mjini Kitale, aliyekaa karibu na mbele. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amemwangalia Mwalimu akishika fuvu, kisha akaniangalia mimi nikiandika.

"Mwalimu," alisema, "na huyu dada wa Bungoma? Si mko na kidole moja. Angalia ya mwisho. Ati hiyo nayo ni nguo?"

Mwalimu aliweka fuvu chini. Nilifikiri angemfukuza yule mvulana. Badala yake aliniita mbele.

"Njoo. Inua mkono."

Nikainua. Yeye naye akainua wa kwake, akauweka kando ya wangu, bila kunigusa. Vidole viwili vilivyopinda vikasimama mbele ya wanafunzi wote. Kwa sekunde chache nilifikiri kwamba hivi ndivyo angesema, kwa njia yake, kwa njia ya somo.

"Mfano mzuri sana," alisema. "Tazameni popo na mbayuwayu. Wote wana mabawa. Je, mabawa hayo yametoka kwa babu mmoja? Hapana. Kila mmoja alipata ya kwake kivyake. Mfanano wa namna hii hauna maana yoyote katika uainishaji, ni ajali. Mtu mjinga ndiye anayeona vidole viwili vilivyopinda akaanza kutafuta ukoo." Akanigeukia. "Wewe una kidole kama changu kwa bahati mbaya. Kwako na kwangu pia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Waambie wenzako."

"Ni bahati mbaya," niliwaambia.

Nilirudi kukaa. Kuanzia siku hiyo mpaka nilipomaliza Fomu Nne, jina langu katika shule ile lilikuwa Popo. Waliniita hivyo bwenini, waliniita hivyo uwanjani, hata mpishi wa chakula cha jioni aliuliza kama Popo ameshakula. Mwalimu alilisikia mara nyingi. Hakumkataza mtu.

Likizo ilipofika nilimweleza mama, jioni, akiwa anapaa samaki mlangoni pa chumba chetu karibu na reli. Nilimweleza kila neno. Aliendelea kupaa magamba huku yakirukia miguuni pake.

"Alikushika?" aliuliza.

"Hapana."

"Alikufukuza shule?"

"Hapana, mama."

"Basi unalia nini? Mimi alinifukuza jikoni tumbo likiwa hapa." Alionyesha kwa kisu. "Alimwambia mkuu wa shule naiba mafuta ya kupikia. Mimi, kuiba mafuta! Nilipomtafuta miaka ile ya baadaye ukimaliza darasa la nane, nilisema nitakaa kwa lango la shule mpaka mke wake apite. Ndiyo akakutafutia nafasi. Hakuna siku alitupenda. Soma."

Nikasoma. Sijui kama ni chuki iliyonisomesha au ni ule uzuri wa yale aliyotufundisha. Vyote viwili vilikaa ndani yangu na sikuweza kuvitenga. Nilienda chuo kikuu, nikachukua bayolojia na kemia, nikarudi Bungoma kufundisha katika shule ya kutwa isiyo mbali na reli. Niliolewa, tukaachana, sikuzaa. Kila mwaka nafundisha uainishaji, na ninafundisha kwa maneno yake, kwa kuwa sijawahi kupata mengine yaliyo bora. Kitu kimoja tu nimekiacha: simwiti mtoto mbele.

Kisha mwaka juzi, wakati wa mapumziko ya saa nne, mlinzi aliniambia kuna mgeni kwenye kantini. Nilikuta mama mmoja mnene, mtulivu, amevaa sweta la kijani na viatu vyenye matope ya shamba. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai ambacho hakukigusa.

"Wewe ndiye mwalimu wa bayolojia?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Mimi ni mke wa mwalimu wako wa Kitale. Tunakaa Moi's Bridge tangu astaafu." Alinitazama usoni, kisha mikononi, akabaki huko mikononi. "Amekuwa mgonjwa. Figo zimekwisha. Tunampeleka kusafishwa damu na mashine kila wiki, na daktari amesema apewe figo ya ndugu wa damu. Kijana wetu mkubwa alipimwa, wakasema na yeye figo zake zina kasoro. Wa pili yuko Uarabuni, hashiki simu. Wa mwisho anaogopa. Mwezi huu mzee akaniambia ati ana mtoto mwingine Bungoma."

Nilimsogezea kikombe chake.

"Miaka yote hii amekuwa akisema una akili, ati wewe ndiye mwanafunzi bora aliyewahi kufundisha. Mwanafunzi." Alisema neno hilo kama anatema mbegu. "Sasa nisikudanganye. Sikuja kukukaribisha nyumbani. Nimekuja kuomba figo."

Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Nilimwambia nitafikiria. Sikuwa na la kufikiria. Nilijua nitaenda kabla hajainuka kitini. Watu wameniuliza baadaye kama nilienda kwa huruma. Nilienda kwa sababu alikuwa na haja na kitu ambacho kingeweza kutoka kwa mtoto wake tu, na nilitaka kumsikia akikiomba na kuniita mtoto wake.

Jumamosi nikafika kwao Moi's Bridge. Nyumba ya matofali, mahindi mpaka dirishani, kwenye rafu vitabu vya zamani na yale mafuvu yake. Alikuwa kwenye kochi, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Vijana wake wawili walikuwepo: mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, na wa mwisho, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, mwenye viatu vyeupe vya michezo. Vidole vyao vya mwisho vilikuwa vimepinda. Nilikuwa sijawahi kuwaona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja."

"Nimekuja. Kabla ya kwenda Eldoret kupimwa, nataka uwaambie hawa mimi ni nani."

Mke wake alianza kusema kwamba mzee amechoka. Mwalimu akamnyamazisha kwa mkono. Hata akiwa vile, sauti ilikuwa ile ile ya chini.

"Huyu ni mtoto wangu," aliwaambia vijana. "Mama yake alikuwa mpishi wa shule, Bungoma."

Yule wa mwisho akacheka kidogo puani. "Ati mpishi," alisema. "Sawa bana."

Nilikuwa na swali lililokaa ndani yangu zaidi ya miaka ishirini, na nikaliuliza pale pale mbele yao. "Mwalimu, siku ile maabara. Kidole. Kwa nini ulinisimamisha? Ungeweza kumwambia yule kijana anyamaze tu."

Alifikiri. Alilifikiria kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani.

"Nilikuwa nafundisha," alisema. "Wanafunzi huwa wanachanganya ufanano wa nasaba na ufanano wa ajali. Ulikuwa mfano mzuri. Hakuna aliyeusahau."

"Lakini ulikuwa uongo."

"Kanuni ilikuwa kweli," alijibu. "Mfano ndio ulikuwa uongo."

Akafumba macho. Hakuwa akiomba radhi, wala hakuwa akinitukana. Alikuwa akisahihisha karatasi ya mtihani. Nilitoka nje nikasimama kwenye mahindi mpaka mke wake aliponiletea chai, akaniwekea juu ya kigogo, akarudi ndani.

Eldoret walinitoa damu asubuhi. Kundi la damu lilikubaliana. Vipimo vingine vilichukua siku kadhaa, na daktari, msichana mdogo kuliko mimi aliyezungumza haraka, akanipigia simu nirudi. Alinieleza kwamba alama za mwili wangu zimelingana na nusu ya za mgonjwa, kama inavyotakiwa kwa mzazi na mtoto. "Mwili wake unaweza kukupokea," alisema. Nilicheka, na yeye akashangaa, nikamwambia aendelee. Bado kipimo kimoja, alisema, picha ya tumbo, kuhakikisha figo zenyewe ni nzima.

Nililala kitandani, akanipaka ile dawa baridi ya kuteleza, akaanza kupitisha kifaa ubavuni. Alikuwa akiniambia habari za barabara ya Kitale ilivyoharibika. Kisha akainamia kioo. Akapitisha kifaa upande wa pili, akarudi upande wa kwanza.

"Kuna mtu aliyekuambia figo za mzee ziliharibiwa na nini?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia."

Akageuza kioo nione. Nimefundisha watoto mchoro wa figo mara nyingi mno. Najua umbo lake. Hii haikuwa na umbo hilo. Ilikuwa imejaa duara nyeusi, kubwa na ndogo, kama kishada cha zabibu. Vifuko vya maji, alisema. Ni ugonjwa wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Mzee anao, kijana wake mkubwa anao, na mimi ninao. Hukua polepole. Shinikizo langu la damu lilikuwa juu tayari na sikuwa najua. Alisema tukianza dawa sasa ninaweza kwenda miaka mingi, na alisema pole, mwalimu, pole sana, na akanipa kitambaa nijifute tumbo.

Nilijifuta. Nilikuwa nimetoka Bungoma kuthibitisha kwamba mimi ni wa kwake. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuthibitishiwa vizuri zaidi.

Mke wake alikuwa ananingoja kwenye benchi, ameshika mfuko wa ndizi. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo haiwezekani?"

"Haiwezekani, mama."

"Basi," alisema. Akainuka na zile ndizi, akaenda kumtafutia gari mzee, aliyekuwa amemaliza kusafishwa damu.

Watu wa Mwalimu walikuwa wakinipigia simu kila siku wakati ule wa vipimo. Umefika, umekula, daktari amesema nini. Baada ya majibu simu zikakoma. Nilipiga mimi mara mbili. Mara ya kwanza kijana wa mwisho alishika akasema mzee amelala. Mara ya pili haikushikwa. Mwalimu alifariki mvua za masika zilipoanza, na habari niliisoma kwenye simu, katika kundi la wanafunzi wa zamani wa shule yetu, mtu ameweka picha yake na mshumaa. Chini yake yule mtoto wa mwenye duka la mbegu, sasa baba wa watu, aliandika kwamba hatawahi kusahau somo la pimbi na tembo.

Nilienda mazishini. Hema zilikuwa tatu: ya familia, ya kanisa, na ya wanafunzi wa zamani. Kijana aliyevaa utepe begani aliniuliza mimi ni upande gani. Kabla sijajibu, kijana mkubwa wa Mwalimu alipita nyuma yake, akaniona, akasema, "Huyo ni mwanafunzi." Nikaonyeshwa hema ya tatu. Wasifu wa marehemu ulisomwa: mume wa mke mmoja, baba wa wavulana watatu. Wanafunzi tuliitwa tusimame ili tupigiwe makofi, na mimi nikasimama, na makofi yakapigwa.

Watu walipokuwa wanakula, yule kijana wa mwisho alinifuata nilipokuwa nimeegemea ua. Alikuwa amevaa suti kubwa kuliko mwili wake.

"Sasa," alianza. Akajikohoza. "Ati ni kweli ile kitu inarithiwa?"

"Ni kweli."

"Mimi sijapimwa."

"Najua."

"Niko na mtoto mdogo. Msichana." Aliangalia viatu vyake. "Si wewe ni wa bayolojia. Ukiniangalia hivi, unaona niko nayo ama sina?"

Ningeweza kumshika bega. Ningeweza kumwambia kwamba kuna dawa, kwamba daktari wa Eldoret ni mtu mzuri, kwamba huenda hana, kwani nafasi ni nusu kwa nusu. Nilikumbuka jinsi alivyocheka kwa pua siku ile kwao.

"Haionekani kwa macho," nilimwambia. "Sura haisemi kitu. Itabidi uende wakuangalie ndani."

"Na nisipoenda?"

"Iko ama haiko. Haikungojei."

Nilimwacha hapo uani, nikachukua sahani yangu ya wali, nikala. Nilikuwa na njaa. Sijui mpaka leo kama alipimwa, na hana haja ya kuniambia.

Nilirudi Bungoma siku hiyo hiyo. Mama bado ana meza yake ya samaki, ijapokuwa mgongo umeinama. Alikuwa hajataka kujua chochote kuhusu safari zangu za Eldoret. Mara moja tu aliuliza, nikamwambia figo haikulingana, basi, akasema Mungu anajua. Lakini asubuhi iliyofuata, wakati anawasha jiko, niliamua kumwambia kilichobaki. Nilimweleza kuhusu vile vifuko, kwamba ni vya huyo mtu, kwamba vimo ndani yangu tangu siku alipofukuzwa jikoni akiwa na mimi tumboni.

Alibaki ameshika kibiriti bila kukiwasha.

"Itakuua?"

"Si sasa. Nitakunywa dawa. Labda miaka mingi."

"Hao wengine wanayo?"

"Mkubwa anayo."

Alitikisa kichwa polepole. Nilingoja alie, au amlaani, kwani ilikuwa haki yake kuliko mtu yeyote. Akawasha kibiriti, akapuliza makaa.

"Daktari alikukataza nini?"

"Chumvi."

Alipomaliza kukaanga wa kuuza, alichukua samaki mmoja mpana, akamwosha upya kwa maji mengi mpaka chumvi yote ikatoka, akamkaanga peke yake kwenye kikaango kidogo, akaniwekea mbele na ugali wa moto. Samaki hakuwa na ladha yoyote. Mama alisimama juu yangu na upawa mkononi mpaka nikammaliza.